Kurasa Kumi na Nne



  Juma hili hatutajibu barua. Tutawasimulia wasomaji wetu, na hasa mama zetu na mabinti zetu ambao ndio wanaotuandikia zaidi, habari ya safari tuliyokwenda Kiogoro, katika milima ya Kisii, na habari ya kosa letu la zamani tulilolikuta huko limekaa kitako likitungoja.

Tulialikwa na jamaa wa msikiti mmoja wa mjini Kisii tuwasomeshe darsa kwa siku tatu. Waislamu wa upande ule si wengi, na kila mgeni atokaye Pwani na kilemba chake hupokewa kwa heshima kubwa kuliko anayoistahiki. Tulipangiwa kulala Kiogoro, si mbali na mji, nyumbani kwa mwalimu wa hisabati, kijana wa Kigusii aliyesilimu kabla ya kuoa. Mtu aliyezoea joto la Mombasa asidanganywe na ramani inayomwonyesha kuwa Kisii iko karibu zaidi na Ikweta. Kule ni juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mvua haikosi kupiga hodi alasiri. Tulilala na kofia, soksi na mablanketi mawili, na bado tukawa twaingoja adhana ya alfajiri ili tupate sababu ya kuomba chai.

Usiku wa kwanza, baada ya isha, wazee wawili wa msikiti walitujia na jambo. Mke wa mwenyeji wetu, walisema, huwasomesha watoto wa Kiislamu wa Kiogoro siku za Jumamosi na Jumapili. Huwafundisha herufi, kisha juzuu ya Amma. Katika hilo hawana lawama naye. Lakini mama huyu hutunga riwaya. Mbili amekwisha kuzichapisha kwa fedha zake mwenyewe, na sasa anaandika ya tatu, juu ya mwanamke wa Kiislamu anayesafiri anga za juu. Baadhi ya wazazi wamechukizwa.

"Sheikh," alisema mmoja wao, "mwenye kutunga mambo yasiyokuwako, tutamwaminije na watoto? Na usiku huwatoa nje akawaonyesha nyota. Tunachelea isije ikawa unajimu. Tumesikia alikuwa mwanafunzi wako huko Pwani. Wewe ndiye mwenye haki ya kumkanya."

Hatukuwa tumemtambua. Alikuwa ametuamkia kwa staha mlangoni, akaingia zake jikoni. Waliposema "mwanafunzi wako" ndipo sura ya mtoto mmoja iliporudi.

Yapata miaka ishirini na kitu iliyopita, tulipokuwa na ndevu nyeusi na hasira za karibu, tulikuwa tukisomesha chuo chetu kidogo kaskazini ya Malindi. Siku moja tukikagua madaftari ya tajwidi, tulilikuta daftari la msichana wa miaka kumi na mmoja limeandikwa kutoka pande mbili. Mbele mlikuwa na hukumu za nuni sakina na tanwini, zimepangwa vizuri kabisa. Nyuma mlikuwa na kisa cha msichana aliyepanda roketi Ngomeni akaenda mwezini pamoja na paka wake. Tulisoma mistari michache kwa sauti ili darasa licheke, na darasa likacheka. Kisha tukazichana zile kurasa moja baada ya moja, tukisema kwamba hadithi za kubuni ni uongo, na kwamba mwongo hana nafasi katika chuo cha Qur'ani. Zilikuwa kurasa kumi na nne. Hesabu hiyo hatukuiweka sisi. Ni yeye aliyetutajia juzi.

Wasomaji vijana huenda wakauliza roketi imefikaje Ngomeni. Mtoto yule hakuibuni. Waitaliano walijenga majukwaa baharini mbele ya Ngomeni, yanayojulikana kwa jina la San Marco, na kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988 zilirushwa setilaiti kutoka hapo. Mahali hapo palichaguliwa kwa hekima: dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye Ikweta mwendo wake hufikia takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo chombo kinachorushwa karibu na Ikweta hupewa msukumo wa bure na dunia yenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku nchi yetu ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka Ngomeni setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Wakaiita kwa neno la Kiswahili: Uhuru. Ilizitambua sehemu 339 za anga zinazotoa miale hiyo, na miongoni mwazo ni ile ambayo wataalamu walianza kuiona kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu kizito kiasi kwamba hata nuru haiponyoki ndani yake. Na msimamizi wa mradi huo alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Mabinti zetu wa Malindi wangepaswa kulijua jina hilo kabla ya kuyajua majina ya waigizaji.

Babake mtoto yule alikuwa mvuvi, naye aliuona kwa macho yake moto ukikwea kutoka baharini. Alikuwa akiwasimulia wanawe. Sisi tulikichana kisa ambacho nusu yake ilikuwa ushahidi wa babake.

Usiku wa pili mwenyeji wetu aliweka viti uani, akakaa yeye, mkewe na sisi. Mvua ilikuwa imekatika na mawingu yamefunguka. Hatukutangulia kusema lolote juu ya wazee. Tulimwuliza kwanza habari za kazi yake, naye akazieleza kama mtu aelezavyo shamba lake. Huandika kwa kalamu, katika madaftari makubwa, baada ya watoto kulala au kabla ya alfajiri. Mumewe humpigia chapa kwenye kompyuta. Kitabu kikikamilika hupeleka kwa mpiga chapa mjini, nakala mia mbili, hulipa nusu na nusu hudaiwa. Nakala huuzwa kwa walimu, kwa wauza duka, na mkononi siku za soko. Kitabu cha kwanza kilimrudishia mtaji wake baada ya mwaka na nusu. Cha pili bado kina masanduku mawili chini ya kitanda cha watoto.

"Huchoki?" tulimwuliza.

"Huchoka, maalim. Nikichoka naenda kwenye mchicha na chinsaga zangu. Au nasugua mawe."

Mawe hayo ni ya Tabaka, yale mawe laini ya sabuni ambayo Wagusii huyachonga vinyago na vyombo. Kule wanaume aghalabu ndio wachongao, na wanawake husugua kwa maji na msasa hadi jiwe ling'ae. Huyu ameomba vipande vilivyotupwa, akavifanya mviringo: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mushtari, Zohali na wengineo, kila mmoja kwa ukubwa unaokaribiana na uwiano wake, isipokuwa jua, ambalo anasema lingehitaji jiwe kubwa kuliko nyumba. Wanafunzi wake hujifunza kuhesabu kwa hayo. Juu ya rafu ya vyombo ana darubini ya macho mawili, ya mtumba, lenzi moja ina ukungu. Alitupa tuitazame Mushtari. Tuliona nukta tatu ndogo kando yake zimepangwa mstari mmoja. Alisema ni miezi yake, na wa nne umejificha. Tumeusomesha mwezi mwandamo miaka thelathini, na hatukuwahi kuiona miezi ya wenziwe.

Mumewe ndiye aliyetaja suala la uchapishaji, kwa sababu yeye ndiye anayeweka hesabu za deni. Alitaka kujua kama wako wengine waliojichapishia wenyewe, au mkewe amejitenga peke yake. Tulimwambia wako. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alianzisha Heko, kampuni yake ya uchapishaji, Dar es Salaam. Hapa Kenya, David Maillu aliunda Comb Books miaka ya 1970, akauza vitabu vyake kwa wingi wa kustaajabisha. Japokuwa vitabu hivyo Tanzania ilivipiga marufuku, na katika hilo hatuko upande wa Maillu.

Kisha yeye akatuuliza sisi jambo. Tunaliandika kama alivyolisema, kwani ndilo lililotufanya tushindwe kulala.

"Maalim, mwanamke wangu yuko kwenye kituo cha anga za juu. Chombo kinaizunguka dunia kwa dakika tisini. Jua lamchomozea mara kumi na sita kwa siku. Nimefika sura ya tano na sijui aswali vipi. Nimelisimamisha daftari mwezi mzima. Sikutaka kubuni katika swala."

Fikirini, ndugu zangu. Huyu ndiye tuliyemwita mwongo. Katika safari nzima ya kubuni, mahali pa dini alikataa kubuni, akamngoja mwenye kumjibu. Na wa kwanza kufika akawa ndiye aliyemchania daftari.

Tulimjibu kwa tunayoyajua. Mwaka 1985 Amiri Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alikuwa Mwislamu wa kwanza kwenda anga za juu, mwishoni mwa Ramadhani. Mwaka 2006 akaenda mwanamke, Anousheh Ansari, mzaliwa wa Iran. Mwaka 2007 ilipofika zamu ya daktari Mmalaysia, Sheikh Muszaphar Shukor (Sheikh hapa ni jina, si cheo), tena ndani ya Ramadhani, wanavyuoni wa kwao walikaa wakaandika mwongozo. Kibla ni kwa kadiri ya uwezo: akiweza aielekee Alkaaba, akishindwa, uelekeo ulio juu yake, akishindwa, aielekee dunia, akishindwa, popote. Nyakati hazifuati jua linalochomoza mara kumi na sita, bali hufuata saa za mahali chombo kiliporushwa. Maji yakikosekana kuna tayammamu. Saumu akitaka ataifunga, akitaka ataichelewesha ailipe atakaporudi, kwani ni msafiri.

"Kiliporushwa?" aliuliza. "Basi wangu ataswali kwa saa za Ngomeni."

Tulimwambia naam, kwa saa za Ngomeni. Alifunika mdomo kwa mtandio. Mumewe akatazama chini. Hatukusema kitu kwa muda.

Likaja suala la maharimu, na hapa tutakuwa wakweli: hatuna jibu jepesi. Umbali wa safari ya kupunguzia swala, kwa makadirio ya wengi, ni kilomita themanini na kitu. Kituo cha anga kiko kilomita 400 hivi, lakini kwenda juu. Wanavyuoni wametofautiana juu ya mwanamke anayesafiri na jamaa wa kuaminika kwa jambo la wajibu, na si letu kulimaliza hapa katika safu ya gazeti. Yeye alikuwa amelitatua kwa kalamu: mwanamke wake amefuatana na kaka yake, fundi wa umeme, ambaye hutapika tangu sura ya pili.

Maneno tuliyopaswa kuyasema tangu mwanzo tuliyasema hapo. Tulimwomba radhi kwa zile kurasa, mbele ya mumewe. Alisema amekwisha kusamehe zamani, na kwamba alizikumbuka zote kumi na nne, akaziandika tena usiku uleule kwa mwanga wa koroboi. Alichokuwa hakukisahau, alisema, ni kicheko cha wenzake. Hilo hatukuwa na namna ya kulirudisha.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikaa na wazazi. Tuliwaambia kwanza tulilolifanya, ili wasitusikilize kama watu tusio na hisa. Kisha tukawaeleza kwamba uongo ni kumwambia mtu lisilokuwako ili aamini kuwa liko. Msomaji wa riwaya anajua tangu jalada kwamba anasoma riwaya; hakuna aliyedanganywa. Al-Hariri, aliyefariki karne ya kumi na mbili, alimbuni Abu Zayd wa Saruj katika Maqamat zake, na wanavyuoni wakayasomesha kwa karne nyingi kwa ajili ya lugha yake. Ibn al-Muqaffa alituletea katika Kiarabu Kalila na Dimna, ambamo mbweha husema, na hakuna kadhi aliyemwita mbweha shahidi. Ibn Tufayl wa Andalusi, tabibu na mwanafalsafa, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho watu, akaitazama mbingu na mwendo wa nyota hata akamjua Muumba wake. Sura Yusuf yenyewe inafunguka kwa kuvisifu visa. Vile ni haki na hivi ni vya kubuni, hatuvilinganishi, lakini tusiseme kisa ni kitu duni.

Tena tukawakumbusha ya nyumbani. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia bintiye utenzi mwaka 1858, na mpaka leo tunausoma. Zainab Burhani alitoa riwaya yake, Mali ya Maskini, mwaka 1981. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alichapisha Kusadikika mwaka 1951, kisa cha nchi inayoelea angani, miaka 6 kabla ya Warusi kurusha setilaiti ya kwanza ya dunia. Na Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii yetu, alimrusha mtu wake Dzombo angani katika chombo, katika Walenisi ya mwaka 1995. Mama huyu wa Kiogoro hakuzua njia mpya. Amepita waliyoipita wenziwe, ila yeye amebeba msala.

Kuhusu nyota tulitofautisha falaki na unajimu. Mwenye kuzitazama ajue wakati, mwelekeo na uwezo wa Mola wake yuko ndani ya aya za mwisho za Aal Imran. Mwenye kuziuliza riziki yake na mchumba wake amekwenda kubaya. Manahodha wetu walisafiri kwa nyota hadi Maskati, na wakulima wakikitazama Kilimia kujua mvua. Hapo mzee mmoja alicheka, akasema babu yake Mgusii naye alikitazama.

Tuliweka na masharti, ili isidhaniwe kwamba tumefungua mlango wote. Riwaya isiidhihaki dini, isifundishe uchafu, na isimchukue mwandishi akaacha faradhi. Wengi waliridhika. Mzee aliyetujia usiku wa kwanza hakuridhika. Alisema kwa adabu kwamba wajukuu wake wawili atawapeleka msikiti wa mjini, ingawa nauli ni nzito. Tulimwambia ana haki. Watoto wale, tulisikia wakati wa kuondoka, walilia.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, mwanafunzi wetu alimpa mumewe daftari atukabidhi. Sura tano za kwanza. Anataka tumkagulie mambo ya fikihi kabla kitabu hakijakwenda kwa mpiga chapa.

"Amesema usilichane," mumewe alituambia, akitabasamu. Tulishindwa kutabasamu.

Tulilisoma ndani ya basi, kutoka Keroka mpaka Narok, na tulilimaliza kabla ya giza. Paka bado yumo. Sura ya tano ameiandika usiku uleule tuliozungumza, wino wake ni mpya: mwanamke amejifunga kwa mikanda ukutani asielee, dunia iko mbele yake kama jiwe la Tabaka lililosuguliwa, naye anaingoja magharibi ya Ngomeni. Tumetia alama ya kalamu ya risasi mahali pamoja tu. Saa aliyoiandika aliitoa katika ratiba ya msikiti wa Kisii, na Ngomeni iko mashariki zaidi. Jua huko hutangulia kuzama kwa dakika ishirini na kidogo. Tumemwandikia pembeni aisogeze nyuma.